Ni Mashine au Ni Mkono

Mashine ikianza kuharibu kazi, Papa Fundi hakukimbilia kuiangalia. Aliomba kiatu.

"Sitaki kuona mashini," alikuwa anasema, mkono mmoja ameunyoosha mbele, wa pili unatafuta miwani mfukoni. "Munipatie kiatu."

Ukimpa, alikigeuza juu chini, akaikunja soli mpaka ikalia, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, akanusa gundi. Ndipo akataja kipuri kilichokufa. Hakusema tu kwamba presi ina shida au mashine fulani ya kushona ina shida. Alisema ni springi ile, ni mkanda ule, ni mpira uliokakamaa upande wa kushoto. Akaenda, akafungua, na karibu kila mara ilikuwa hivyo. Ninalisema hilo mapema, kabla sijafika kwenye mengine, ili mtu asidhani kwamba hakuwa anajua.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, nyuma ya maghala, si mbali na mto. Tulitengeneza viatu vya shule, vyeusi, vya kamba kwa wavulana na vya mkanda kwa wasichana. Mwenye kiwanda, tuliyemwita Patron, alitoka Kivu ya Kaskazini na alikuwa ameuza viatu kwa jumla miaka mingi kabla ya kuamua kuvitengeneza. Mashine alizinunua zikiwa zimekwisha kufanya kazi mahali pengine. Zilipanda mto kwa boti kutoka Kinshasa, zimefungwa maturubai, na Papa Fundi alikuja nazo. Sisi wanawake wa kushona tulitaniana kwamba aliuzwa pamoja nazo.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na kila siku alikuja kazini na shati jeupe. Katikati ya mafuta, gundi na rangi ya ngozi, shati jeupe. Jioni lilikuwa bado jeupe. Ukimwuliza anafanyaje, alikujibu kwamba mtu anayejichafua hajui mafuta yanatoka wapi. Alipenda sana tusikie maneno kama hayo. Aliyasema, akasubiri, akaangalia nani amecheka.

Hakuwahi kuvaa viatu vyetu. Hilo lilitushangaza wote. Alivaa viatu vya zamani vya kahawia, vya mitumba, alivyovipaka rangi kila Jumamosi. Patron alimpa jozi yetu mara mbili, ya watu wazima iliyotengenezwa kwa majaribio, na mara zote mbili alimpa jirani yake wa mtaa wa Mangobo. "Mupishi hali chakula yake," alisema. Ya Mado akamjibu kutoka dirishani kwamba mpishi asiyekula chakula chake ana siri jikoni. Tulicheka. Yeye pia alicheka, akainua mikono kama mtu aliyeshindwa.

Huyo Ya Mado alikuwa na mashine ya dirishani, karibu na yangu. Alitoka Isangi, kwa watu wa mto, na sote tulimwita Ya, dada mkubwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwetu. Alishona taratibu na kwa usawa, na hakupenda kusifiwa. Ndugu zake walimletea samaki wa kukaushwa kila boti ilipopanda, naye saa sita alifungua kifurushi chake na kumwekea Papa Fundi kipande kabla ya kujiwekea yeye. Papa Fundi alikula samaki yule kwa kwanga, mkate wa muhogo, akirudisha miiba kwenye jani kwa mpangilio, kama vipuri.

Msimu mmoja wa mvua viatu vilianza kurudi vikiwa vimefungua mdomo. Sisi tulisema kiatu kinacheka. Soli inaachana na ngozi, na kidole cha mtoto kinachungulia. Wote tulilaumu gundi. Patron alimpigia simu aliyemwuzia gundi na kumtukana mbele yetu. Papa Fundi aliomba viatu vilivyorudi, akavipanga sakafuni, akakaa juu ya debe akivitazama huku anatafuna karanga. Vyote vilikuwa vimeachana upande wa ndani, pale katikati ambapo unyayo una upinde.

"Gundi haijue katikati na pembeni," akasema. "Kama ni gundi, ingeachia popote."

Ilikuwa presi, mashine inayogandamiza soli kwenye kiatu. Chini yake kuna mto wa mpira unaokumbatia soli wakati wa kubanwa. Ule wa kwetu ulikuwa umezeeka kwa joto, umekuwa mgumu kama ubao, haukuweza tena kuingia kwenye upinde. Soli ilibanwa kisiginoni, ikabanwa vidoleni, katikati ikaguswa tu. Dukani huwezi kuona kitu. Mtoto akikanyaga madimbwi wiki ya kwanza, unaona. Papa Fundi alikata mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akauweka tabaka juu ya tabaka, akatengeneza mto mpya. Viatu vikaacha kucheka.

Mara nyingine walikuja akina mama kulalamika kuhusu soksi. Soksi za watoto wao zilitoboka, na zote mguu wa kushoto. Patron aliwafukuza, akisema yeye hauzi soksi. Papa Fundi aliwakimbilia nje, akawabembeleza wamwachie kiatu kimoja. Kumbe kisu cha kukatia ngozi, kile chuma chenye umbo la kipande cha kisigino, kilikuwa na pengo dogo kama punje ya mchele. Kila ngozi iliyokatwa kwa kisu kile ilibaki na jino dogo, tukalishona ndani bila kuliona, na jino likatafuna soksi mpaka kisigino chenyewe. Alilipiga pengo lile akalisawazisha, halafu akawapelekea wale mama salamu kwamba kisigino cha kushoto kimepona.

Alinifundisha kusikia. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wengine na nilikuwa na maswali mengi. Alinifumbisha macho, akaniuliza mashine ipi inashona, na inashona ngozi moja au mbili. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya parokia, na aliweza kuimba sauti ya kila mashine ikiwa nzima, hivyo ukajua ikiwa mgonjwa imeshuka au imepanda. Alinifungulia kibati cha chini ya sindano na kunionyesha kroshe, ile ndoano ndogo inayozunguka kule chini.

"Sindano inashuka na uzi," alinieleza. "Ikianza kupanda, uzi inafanya kitanzi kidogo. Kroshe inapita, inakamata kile kitanzi. Ncha yake ikiwa fupi, ao ikichelewa kidogo tu, inakosa. Pale panakosa mushono moja. Kwa macho hauone, juu ngozi inafunika. Lakini mutoto akitembea, kiatu inakunjika palepale, na mushono ya pembeni inaanza kufunguka. Unasikia? Mashini imekosa mara moja, mutoto atatembea na kosa ile mwaka muzima."

Nilisikia. Niliyapokea yote kama mtoto anayepokea urithi.

Nilipoolewa, baba yangu alikuwa Yahuma, mgonjwa, na barabara ya kule wakati wa mvua hakuna gari linalokubali. Papa Fundi alisimama mahali pake. Alizungumza na wajomba wa mume wangu kwa upole na ukali unaotakiwa, na kanisani alinishika mkono akanipeleka mbele. Ya Mado alikaa upande wa mama zangu. Papa Fundi alilia kanisani, akafuta machozi kwa kitambaa cha mafuta alichokisahau mfukoni, akatokea kwenye picha zote na doa jeusi chini ya jicho. Picha hiyo bado ninayo. Mume wangu alitaka kuiondoa ukutani, nami nilimkatalia muda mrefu, kisha siku moja nikaiondoa mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu kiburi chake, maana bila hicho yaliyofuata hayaeleweki.

Patron hakupenda kununua vipuri. Vingi vilitoka mbali na vilichelewa, na vichache vya sokoni vilikuwa ghali. Papa Fundi, badala ya kumlazimisha, alijifanyia sifa ya kutoviomba. Kipuri kilichochakaa alikipiga tupa, yeye akiiita lime, akakichomea, akakigeuza upande, akakirudisha kikafanya kazi tena. Wageni walipokuja, Patron alimwita na kumweka mbele yao. "Huyu mutu," alisema, "tangu amefika hajaniomba piesi hata moja." Papa Fundi aliinamisha kichwa, lakini mimi niliyekuwa nimekaa kwenye mashine niliona uso wake ulivyokuwa unang'aa. Sentensi ile ilimlisha. Naamini aliisubiri kama wengine wanavyosubiri mshahara.

Kuna mambo ambayo tupa haiwezi. Kitu ukikipiga tupa kinapungua. Alijua. Yeye ndiye aliyeniambia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Saa sita tulikula. Ya Mado alikuwa na samaki, akampa Papa Fundi kipande chake. Baada ya chakula Patron aliingia amebeba mfuko mkubwa, akaumwaga juu ya meza ya kukatia. Vilikuwa viatu vya shule moja iliyokuwa imeagiza kwa wanafunzi wake wote. Mshono wa ubavuni ulikuwa umefunguka, jozi baada ya jozi. Kingine kilikuwa kimepasuka mpaka unaweza kupitisha mkono. Mwalimu mkuu alikuwa amevirudisha mwenyewe, na alikuwa amesema hataagiza tena kwetu.

Ndani ya kila kiatu tuliandika kwa wino alama ya aliyekishona. Vyote vilikuwa na alama ya Ya Mado.

Patron hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichukua kiatu kimoja, akampa Papa Fundi, akamwuliza mbele ya watu wote, "Papa, niambie kweli. Ni mashini ao ni mukono?"

Niliwaza, sasa atasema. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilikuwa nimekwisha kumgeukia Ya Mado ili nimtabasamie. Papa Fundi alikigeuza kiatu. Alikunja. Alipitisha ukucha juu ya mshono, polepole, mahali ambapo mshono mmoja ulikosekana, kisha mmoja tena, kwa umbali ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuurudia. Alivua miwani.

"Mashini iko muzuri," akasema. "Ni mukono. Anavuta ngozi."

Ni kweli kwamba mshonaji akivuta ngozi sindano inapinda, na mshono unaruka. Ni kosa la wanaojifunza. Ya Mado alikuwa ameshona kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

"Papa," Ya Mado akasema, "miye navuta ngozi?"

Papa Fundi alimrudishia Patron kiatu, akaifuta miwani yake kwa pindo la shati.

"Papa, niangalie. Miye?"

"Mado, hatuna nguvu kama zamani," akasema, akitazama meza. "Bon. Si kosa. Umri inafika."

Ya Mado alisimama. Alikusanya mkasi wake, mto wake wa kukalia na kitambaa cha kichwa, akatoka bila kumwambia mtu kwaheri. Patron alimwambia kwamba angeweza kurudi kufagia na kupanga viatu kwenye maboksi. Hakurudi. Alijaribu karakana nyingine za mjini, lakini mji wetu, kwa habari kama hizo, ni mdogo. Popote alipofika, habari ilikuwa imekwisha kukaa kitini ikimsubiri: mama yule mkono wake umekwisha. Mwishowe alipanda boti, akarudi Isangi kwa kaka zake.

Waliniweka kwenye mashine yake. Asubuhi ya kwanza, kabla sijamaliza jozi moja, nilisikia. Ilikuwa imeshuka sauti, na kila baada ya muda ilivuta pumzi, kama mtu anayeruka ngazi moja. Nikageuza kiatu. Mshono ulikuwa umekosekana, kisha tena, kwa umbali uleule. Sikuvuta ngozi. Niliondoa mikono kabisa nikaiacha mashine ijipeleke, na bado iliruka.

Nikafungua kibati. Kroshe ilikuwa na alama za tupa, mistari midogo iliyong'aa, na ncha yake ilikuwa fupi na butu. Ilikuwa imepigwa tupa zaidi ya mara moja. Mtu wa kuipiga tupa kiwandani alikuwa mmoja.

Nilikwenda kwake akiwa peke yake kwenye kona yake ya vyuma. Nilikwenda kama mtu anayempelekea baba yake habari njema. Nilidhani alikuwa amekosea, basi. Nilidhani nikimwambia atashtuka, atakimbia kwa Patron, tutampigia Ya Mado simu siku hiyohiyo.

"Papa, ni kroshe," nikamwambia. "Si mukono ya Ya Mado. Ni kroshe, imekuwa fupi."

Hakushtuka.

"Funga ile kibati," akasema. "Nitabadilisha."

"Tumwambie Patron."

"Funga, mutoto yangu. Nitabadilisha, itashona muzuri, batu batatumika. Mado amekwenda. Tukifungua tena ile maneno, atarudi?"

"Atarudi. Juu ya nini hatarudi?"

Akaniangalia muda mrefu, kwa upole uleule aliokuwa nao kanisani. "Enda kutumika," akasema.

Sikurudi kazini. Nilikwenda kwa Patron, nikamweleza yote: sauti, umbali wa mishono, tupa. Patron hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tutaangalia pamoja mchana akitoka benki. Mchana alikuja, wenzangu wakiwa bado nje wanakula. Papa Fundi alikuja. Alifungua kibati mwenyewe, kwa hiari, na akasogea ili mwanga wa dirisha uingie.

Mle ndani mlikuwa na kroshe mpya. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu ambaye hakuwahi kuomba kipuri alikuwa amekwenda sokoni saa ya chakula na kujinunulia mwenyewe.

"Ushone," akaniambia.

Nikashona. Kilikuwa kipande cha ngozi mbili, na mshono ulitoka safi, sawasawa, bila kuruka. Patron alikipeleka kwenye mwanga, akakivuta kwa nguvu zote, hakikuachia.

"Donc mashini iko muzuri," akasema.

"Iko muzuri," Papa Fundi akajibu. Kisha akaweka mkono begani kwangu. "Patron, usimukasirikie. Miye njo nilimufundisha. Anapenda Mado sana, anasikia mambo haiko."

Mkono wake ulibaki begani. Ulikuwa mzito na wa joto, na uliniminya kidogo, kama unavyomminya mtoto ili anyamaze mbele ya wageni. Hivyo ndivyo matengenezo yake yalivyokuwa ushahidi dhidi ya rafiki yangu. Mashine ilipokuwa na Ya Mado iliharibu, ilipokuwa nami ilishona vizuri, basi nani anahitaji maelezo mengine. Hata wanawake wenzangu waliniambia niache. Wiki iliyofuata Patron alinihamishia kwenye gundi, mbali na mashine, kwa sababu, alisema, nilihitaji kutulia.

Nilikaa kwenye gundi mpaka nilipozaa mtoto wa pili, kisha nikaacha kazi. Muda wote huo Papa Fundi alinisalimia kila asubuhi. "Mutoto yangu, umelala muzuri?" Alimshika mtoto wangu kichwani, alimletea ndizi. Hakubadilika kwa chochote, na hilo lilinichosha kuliko kama angenikwepa. Kuna siku nilijiuliza kama nilikuwa kweli nimesikia mambo yasiyokuwepo. Mtu anayekupenda akikudanganya kwa sauti ileile anayokubembeleza nayo, unaanza kutafuta kosa ndani yako mwenyewe.

Nilikwenda Isangi kumwona Ya Mado. Nilimkuta kando ya maji, mbele ya tanuri la kukaushia samaki, macho mekundu kwa moshi. Alinikumbatia, akanipa kiti, akaendelea kugeuza samaki wake. Nikamweleza kuhusu kroshe. Nilidhani nampelekea kitu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Nilishona ile mashini miaka yote, nisijue? Nilimuambia. Kabla ya ile komandi ya shule kuanza, nilimuambia, Papa, inaruka. Akakuja, akasikiliza, akasema iko na njaa ya mafuta tu. Akatia mafuta. Nikamuambia tena. Akasema, Mado, usiniletee maneno na Patron, nitapiga lime kidogo." Aligeuza samaki mwingine. "Donc aliposema mukono, hakuwa anadhani tu. Alikuwa anajua."

"Juu ya nini haukusema pale?"

"Nilimuuliza, si ulisikia? Nilimuuliza mara mbili. Nilitaka aseme yeye." Akapangusa uso kwa mkono wa nguo yake. "Kazi ni kazi. Lakini saa sita ile alikula samaki yangu. Alikuwa anaketi pale, anakula, na kroshe ile aliijua."

Hakulizungumzia tena. Aliniuliza kuhusu watoto.

Miaka ikapita. Kiwanda kilifungwa, viatu vya kutoka nje vilikuwa rahisi kuliko vyetu. Mimi nilipata mashine yangu, nikawa nashona mikoba na kutengeneza viatu vya watu barazani kwangu. Mwaka huu, mvua zikiwa zimeanza, binti yake Papa Fundi alinipigia simu. Alisema baba yake ni mgonjwa wa sukari, mguu umekatwa, na ananiulizia kila siku. Alisema, "Anasema uko mutoto yake." Nilimwambia sina nafasi. Kesho yake nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nikaenda Mangobo.

Alikuwa amelazwa sebuleni karibu na mlango ili apate hewa. Alikuwa amepungua sana. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akanitambua kwa sauti. Alifurahi kweli. Alinishika mkono, akauliza kuhusu mume wangu, watoto, mashine yangu ni ya aina gani, nashona uzi namba ngapi. Nilijibu. Binti yake alituletea chai, akaenda nyuma kufua.

Tulipobaki wawili, akasema bila mimi kumwuliza, "Ile kroshe ya Mado."

Nikaweka kikombe chini.

"Niliipiga lime mara tatu. Mara ya tatu nilijua imekwisha. Nikasema, itavuka ile komandi, kisha nitaomba piesi. Ilikuwa kazi ya siku kidogo tu. Haikuvuka."

"Juu ya nini ulisema ni mukono?"

"Patron aliuliza mbele ya batu." Alitafuta maneno. "Kama angeniita pembeni, ningesema. Lakini mbele ya batu bote. Miye, nikubali ni mashini? Mashini ilikuwa ni miye."

"Na siku niliyokwenda kwa Patron, hakukuwa na batu. Tulikuwa watatu."

Machozi yalimtoka, mepesi, ya mgonjwa. Zamani machozi hayo yangenimaliza. Safari hii niliyatazama tu, nikiwaza kwamba ananiambia mimi ambaye nilijua tayari, na kwamba kuniambia mimi hakumgharimu kitu.

"Papa," nikasema, "umuambie yeye."

"Mado iko wapi?"

"Isangi. Iko na simu."

Alitikisa kichwa kukubali. Nitaapa kwamba alikubali. Nikapiga. Ya Mado alipokea, nyuma yake kulikuwa na kuku na watoto. Nikamwambia niko kwa Papa Fundi, ni mgonjwa, anataka kumwambia neno. Nikasikia anawafukuza watoto, na mlango unafungwa.

"Mupatie," akasema.

Nikamwekea Papa Fundi simu sikioni, nikaishikilia mwenyewe. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pande zote mbili.

"Mado, mbote," akamsalimia.

"Mbote, Papa."

"Nasikia uko na bajukuu."

"Niko nao. Wanne."

"Mungu ni muzuri." Alipumua. "Mto imejaa kule?"

"Imejaa."

"Na samaki?"

"Inapatikana, Papa."

Kisha hakuna aliyesema. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Ya Mado hakuuvunja, hakukohoa, hakumsaidia. Nilimwona Papa Fundi akifungua mdomo. Nilimwona ulimi ukigusa meno. Niliinama, nikamwonyesha kwa macho, ingawa sijui kama aliweza kuniona.

"Bon," akasema. "Courage, Mado."

Akageuza uso ukutani.

Nikachukua simu nikaiweka sikioni kwangu. Ya Mado alikuwa bado yupo.

"Amemaliza?" akauliza.

"Amemaliza, Ya."

"Basi. Mwambie namusalimia. Mwambie apone."

Nikakata simu, nikaiweka mkobani, nikasimama. Papa Fundi alikuwa ananitafuta kwa macho yake yenye ukungu, mkono wake unapapasa ukingo wa kitanda mahali nilipokuwa nimekaa.

"Mado amesema nini?" akaniuliza.

"Hakusema kitu," nikamwambia, nikatoka.